Sabuni Iliyogoma Kutoka

Bibi haendi popote. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nikijaribu kulificha mpaka mwisho nitapasuka, na babu yangu ananiita Redio, kwa hiyo mnajua tayari kwamba kwangu siri hailali. Bibi haendi popote, koti langu la kazini linanuka mafuta ya alizeti, na shangazi yangu, ambaye tangu ajue kusema hajawahi kushindwa kwa maneno, juzi aliondoka kwetu na chupa ya sabuni mkobani badala ya kuondoka na mama yake. Sasa ngoja nivute pumzi nianze vizuri.

Nyumbani tuko watatu, Babu, Bibi na mimi. Wazazi wangu wako mbali kikazi, nami ndiye niliyeachiwa wazee, au wazee ndio walioachiwa mimi, inategemea unamuuliza nani.

Babu alikuwa dobi wa hospitali. Si dobi wa kukupigia pasi shati la harusi, hapana, dobi wa mashuka, ya wodi nzima, yenye damu, yenye dawa, yenye kila kitu ambacho binadamu akilala kitandani anakiacha. Amefua mpaka amestaafu, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Dobi. Bibi ndiye anayemwita hivyo kuliko wote, tena kwa sauti ya kudeka, kama msichana aliyekwenda kuchukua nguo zake akasahau kuondoka. Na kwa kweli ndivyo walivyokutana.

Kanuni ya Babu ya usafi ni moja tu. Shuka likishasuuzwa, unalivuta kati ya vidole. Likisema kwi, limetakata. Lisiposema, bado lina sabuni, lirudi majini. Sahani lazima iseme kwi. Glasi kwi. Mimi mwenyewe utotoni nilikuwa siruhusiwi kutoka bafuni mpaka mgongo wangu useme kwi. Shikeni hilo, litatuhusu.

Bibi alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Maneno yalirudi, kicheko kikarudi, ukali ndio ulikuwa wa kwanza kurudi, lakini mkono na mguu wa kulia vimebaki vizito kama amepewa na mtu mwingine amshikie. Wakati amelazwa, Babu alikuwa keshastaafu, lakini aliwabembeleza wenzake wa zamani wakamwachia stoo ya kufulia, akawa analala juu ya mafurushi ya mashuka ili tu awe jengo moja na mkewe. Sasa mtu kama huyo, aliporudishiwa mke wake nyumbani, nani angemwambia habari za kuajiri mwogeshaji? Shangazi alijaribu. Mimi nilijitolea. Babu alitukatalia wote wawili. Alisema ameosha mashuka ya wagonjwa wa watu maisha yake yote, sasa mgonjwa wake mwenyewe aoshwe na nani.

Akaweka kiti cha plastiki bafuni. Akafunga kamba ya kushikilia ukutani. Kila asubuhi anachemsha maji, anayapoza kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, mlango unafungwa, na mimi nikiwa jikoni nasikia wanavyotaniana humo ndani. Bibi anasema, Dobi, sikio hilo si la shuka. Babu anajibu kuwa shuka angalau halina mdomo. Nyumba ilikuwa na raha yake.

Halafu Bibi akaanza kukataa kuoga.

Kwanza alisema kuna baridi. Siku nyingine akasema kichwa kinamgonga. Kesho yake ni kesho, na kesho ikifika ni kesho tena. Ukimlazimisha sana anakubali kupanguswa uso, basi. Babu akimshika mkono kumwinua, anageukia ukutani. Na miguu yake, jamani, muundi kuanzia gotini kwenda chini umepauka, umepasukapasuka kama rangi ya ukuta unaopigwa jua, anajikuna kwa mkono wa kushoto mpaka damu. Daktari alimpa mafuta ya kupaka. Tulipaka. Jioni ngozi inang'aa, asubuhi imerudi vilevile, kama tumepaka gunia.

Babu hakulalamika. Aliniambia mara moja tu, akiwa anaanua nguo kambani, hata hakunitazama.

"Labda mikono yangu imemchosha."

Mikono yenyewe, kweli, si ya kusifia. Miaka ya maji moto na dawa za kufulia imeifanya kama tupa ya fundi. Bibi anafunga kitambaa laini kichwani, na kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kupiga fundo, Babu ndiye anayemfunga, na kila akimfunga vidole vinanasa nyuzi. Vitambaa vyote vya Bibi vina manyuzinyuzi nyuma ya kisogo. Bibi alikuwa anasema ni saini ya mumewe. Ila siku hizo za kukataa kuoga, hakuwa anasema kitu.

Shangazi akaja. Huyu ni binti yao wa kwanza, mwalimu mkuu, akiingia chumbani hata viti vinakaa vizuri. Anawapenda wazazi wake, naomba hilo lieleweke. Lakini upendo wake una ratiba. Aliinua gauni la Bibi kidogo, akaona miguu, akalishusha tena taratibu, akatuita sebuleni. Kwake kuna chumba cha chini, bafu liko jirani, kuna muuguzi anayeweza kuja kila siku. Chumba kinaingia kitanda kimoja. Baba atakuwa anakuja kumwona Jumapili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja na gari kumchukua mama.

Nilimtazama Babu nikijua atanguruma. Hakunguruma. Alisema, "Kama ndiyo nafuu yake, mchukue," akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa tayari zimekunjwa. Na Bibi, ambaye angeweza kuizima hoja hiyo kwa neno moja, alikaa anautazama mkono wake uliolala.

Basi na mimi nikapiga moyo konde. Kwa sababu, na hapa ndipo utamu ulipo, mimi kazi yangu ni sabuni.

Nimesomea kemia chuoni, nikaajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha sabuni za maji, chumba cha majaribio. Bosi wangu tunamwita Mama Povu, kwa sababu hakuna sabuni inayotoka mlangoni bila yeye kuitingisha kwenye chupa ndefu na kulitazama povu kama mnunuzi wa ng'ombe anayetazama meno. Na miezi michache kabla ya hapo Mama Povu alikuwa amenipa kazi ya kutengeneza sabuni ya kuogea watu wenye ngozi kavu. Nani atasema Mungu hasikii?

Niwaeleze upesi, naahidi sitawachosha. Ngozi yako ya juu ni ukuta. Matofali ni chembe zilizokufa, na kinachoyashikanisha ni mafuta, mojawapo ni kitu tunachokiita asidi za mafuta. Mafuta hayo yakiwepo, maji ya mwilini hayatoroki. Sasa inakuja sabuni. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unang'ata grisi, kichwa kinafuata maji, wote wanateremka shimoni. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba mkia hauna adabu. Hautofautishi mafuta ya kikaango na mafuta ya ngozi yako. Kijana akiibiwa mafuta kidogo, ngozi inatengeneza mengine. Mzee akiibiwa, ukuta unabaki na nyufa.

Kwa hiyo ujanja ni huu. Unachagua visafishaji vipole, halafu unaitia mafuta sabuni yenyewe. Asidi ya mafuta inakuja vipande vyeupe kama nta ya mshumaa. Unaiyeyusha kwa moto wa taratibu, unakoroga, inapoa, sabuni inageuka nzito na nyeupe kama krimu. Mikia ikikuta mafuta tayari yako chupani, njaa inapungua, haiendi kuiba ngozini. Na mafuta mengine, mimi nilitumia ya alizeti, yanakaa humo kama matone madogo sana yaliyoning'inia kwenye uzito wa sabuni. Ukijimwagia maji, uzito unalegea, yale matone yanaachiliwa, yanabaki juu ya ngozi. Yaani sabuni inaosha na wakati huohuo inaacha zawadi mlangoni.

Mchanganyiko wangu wa kwanza ulikuwa kichekesho. Nilijiambia kama mafuta ni mazuri, mafuta mengi ni mazuri zaidi, nikamimina. Povu likafa palepale. Asubuhi chupa ilikuwa imegawanyika, mafuta juu, maji chini, kila mtu na nyumba yake. Mama Povu aliitingisha, akangoja, akanitazama kwa huruma.

"Povu na mafuta ni mawifi, binti yangu," akasema. "Wanaweza kuishi nyumba moja, lakini lazima kila mmoja umpe jiko lake."

Nikapunguza, nikapoza polepole zaidi, nikabadilisha visafishaji. Mwishowe tukapata kitu kinachotoa povu dogo, laini, zito. Tulikijaribu wenyewe pale kazini, mkono mmoja sabuni hii, mkono mwingine sabuni ya kawaida, tunapimana unyevu wa ngozi kila asubuhi. Mkono wa sabuni yangu ulishinda. Ilipomaliza vipimo vyote vya usalama, Mama Povu akasema kila mwenye mzee nyumbani achukue chupa, atuletee majibu. Nilikimbia nayo nyumbani kama nimeiba.

Nilivyomweleza Babu, nilifanya vizuri mpaka nilipotaja asidi. Akaweka kikombe chini.

"Unataka nimwogeshe mke wangu kwa maji ya betri?"

Nikamwambia si asidi ya kuunguza, ni ya mafuta, iko hata kwenye ngozi yake yeye. Akasema kwenye ngozi yake kuna mambo mengi lakini betri hamna. Halafu akanibana kweli. Akasema yeye si mtoto, anajua sabuni ya mche inatengenezwa kwa mafuta, sasa mafuta yanaoshaje mafuta, na kama yanaosha, mbona mimi nasema yanapaka. Nilifurahi mpaka nikasimama. Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe. Mafuta yaliyopikwa na magadi yanageuka sabuni, yanakwenda kuwinda wenzake. Mafuta yaliyoachwa bila kupikwa na magadi yanabaki mafuta, yanakaa na ngozi. Ukoo mmoja, tabia mbili.

"Kama wewe na shangazi yako," Bibi akasema kutoka kitandani. Ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu wiki hiyo. Akaongeza, "Leteni, mke mwenzangu ameihangaikia. Nitaoga."

Akaoga. Nilikaa kazini siku nzima natabasamu na mizani.

Baada ya siku chache nikamtazama miguu. Ilikuwa mibaya zaidi. Haikuwa vilevile, ilikuwa mibaya zaidi, myekundu, na pale kwenye kifundo cha mguu nyufa zimefunguka. Akaanza tena habari za baridi na kichwa. Nilimuuliza Babu kama anaitumia sabuni yangu. Akanionyesha chupa imefika nusu, akaapa anaitumia kila siku. Na kweli, Babu hasemi uongo, hata wa adabu. Nilirudi kazini nikarudia vipimo vyote. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikaanza kufikiri labda Bibi ana ugonjwa mwingine, labda mimi sijui kitu, labda shangazi ana haki. Jumamosi ilikuwa inakuja na mimi sina la kusema.

Siku moja umeme ulikatika kiwandani tukaruhusiwa mapema. Nikaingia nyumbani kimya, jambo ambalo kwangu ni nadra kama kupatwa kwa jua, na nikasikia maji bafuni. Babu alikuwa amemshawishi Bibi aoge mchana kwa vile jua lilikuwa kali. Nikasikia jagi la maji. Jagi lingine. Jagi lingine. Nikajisemea, kwani anaosha gari? Jagi lingine tena. Halafu pua yangu ikapata harufu ambayo haikuwa ya kwangu. Ilikuwa harufu kali ya sabuni ya mche, ya kufulia. Kisha nikasikia brashi laini ikisugua. Kisha jagi. Na mwisho, wazi kabisa kupitia mlango, nikasikia kidole gumba kikipita kwenye mguu wa bibi yangu.

Kwi.

Nilikaa chini palepale kwenye korido.

Babu alipotoka, mikono imejaa povu, akanikuta sakafuni. Hakuwa na cha kuficha. Akanieleza kwa upole, kama fundi anayemhurumia mwanagenzi, kwamba sabuni yangu ni nzuri ila ina kasoro moja, haitoki. Unasuuza, unasuuza, ngozi bado inateleza. Aliogopa kuniambia nisivunjike moyo. Kwa hiyo kila siku anaanza na ya kwangu kwa heshima, halafu anaitoa kwa mche, maji ya moto na brashi, mpaka mguu utakate.

Mnaelewa? Ile zawadi mlangoni, yeye aliiona uchafu. Kila siku ngozi ya Bibi ilikuwa inapewa mafuta na kunyang'anywa papo hapo pamoja na machache iliyokuwa nayo. Na si siku hizo tu. Tangu mwanzo, kwa sabuni yoyote ile, alikuwa anamwosha mkewe kama shuka la hospitali, kwa mapenzi yake yote, mpaka aseme kwi.

Mdomo wangu ulikuwa wazi, nikitaka kumwambia. Redio, mnakumbuka. Halafu nikaona anavyokausha vidole, kimoja kimoja, akiwa na furaha kidogo kwamba leo amefanikiwa kumwogesha. Utamwambiaje mtu kama yule kwamba kinachomuumiza mke wake ni yeye?

Babu alipokwisha kumlaza Bibi, nikaenda kwake. Alikuwa kitandani, miguu imewekwa juu ya mto, ngozi imekaza mpaka inang'aa. Nikamwambia nimejua. Nikafikiri atashangaa.

"Mimi nimejua tangu zamani," akasema. "Inawaka kama pilipili."

"Sasa kwa nini humwambii?"

Alisema Dobi amekuwa akimgusa kwa mikono ileile tangu yeye ni msichana mwenye kiuno, na sasa nusu ya mwili wake haina hata habari kama inaguswa. Bafuni pale ndipo wanapobaki wawili. Angesema inauma, yule mzee asingelia wala kugomba, angeacha tu. Angemkabidhi kwa muuguzi siku hiyohiyo.

"Nikimwambia, ataogopa kunigusa. Bora aseme mimi ni mkaidi."

"Lakini Bibi, Jumamosi unachukuliwa."

"Ndiyo maana silali," akasema.

Nilijaribu kuwa msomi. Jioni nikachukua karatasi, nikamchorea Babu ukuta, matofali, mikia na vichwa. Nikaeleza kwa jumla, bila kutaja miguu ya mtu. Babu alisikiliza kwa heshima yote, akasema mchoro ni mzuri, akauliza swali moja. Kama ngozi inateleza, nitajuaje kuwa sabuni imetoka? Nikasema, utajua tu. Akatikisa kichwa. Kwenye kazi yake, "utajua tu" ndiyo iliyokuwa inawapa wagonjwa upele. Shuka lenye sabuni linawasha. Alikuwa anamlinda mkewe asiwashwe.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mikono, anatusikiliza. Akaniagiza beseni la maji ya uvuguvugu na chupa yangu. Nikaleta. Akaweka beseni mapajani, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Dobi, lete mkono."

Babu akacheka, akauliza kama leo dobi anafuliwa. Bibi hakucheka. Akauchukua mkono wa kulia wa mumewe, ule mgumu kama tupa, akauingiza majini. Mimi nikamdondoshea sabuni. Kwa mkono mmoja dhaifu alimwosha kidole kimoja kimoja, kati ya vidole, kiganja, ile mistari myeusi ambayo haijawahi kutoka. Povu lilikuwa dogo na zito. Nikamimina maji safi. Babu akapeleka kidole gumba kwenye kiganja, mazoea ya maisha, akasugua. Hakikulia. Akasema kwa sauti ya chini, unaona, inateleza, akawa anainuka kwenda kuchukua mche.

Bibi akamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote zilizobaki.

"Usiitoe. Hiyo si sabuni. Sabuni imeshakwenda na maji. Hayo ni mafuta, mtoto ameyaweka makusudi. Yaache usiku kucha. Yakikuwasha, kesho nitaogea mche."

Babu akaniangalia mimi, akaangalia beseni. Akakubali, kwa sababu dobi haogopi majaribio. Akakaa na ule mkono ameunyanyua kando kama wa mgeni.

"Na miguu yangu inauma," Bibi akasema. Hivyohivyo, bila utangulizi. "Ukiisugua mpaka ilie, inauma. Si mikono yako. Mikono yako naitaka. Ni ule mche na brashi."

Babu alisimama, akatoka nje. Nikataka kumfuata, Bibi akanizuia kwa jicho. Dirishani nilimwona amesimama chini ya kamba ya nguo, kamba tupu, ameishika kwa mkono mkavu kana kwamba ingeanguka bila yeye. Nilihesabu pumzi za Bibi nikaacha, zilikuwa za mtu anayeogopa.

Alirudi kiza kikiwa kimeingia. Alipiga goti mbele ya kiti, akaupeleka mkono ulioogeshwa kwenye muundi wa Bibi, akauweka tu pale. Hakusugua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nitoke hospitali."

"Na wewe mdomo wako wote huo."

"Nilikuwa nakutunza," Bibi akasema.

Asubuhi mkono haukuwa umewasha. Babu alikuja jikoni kunionyesha kama mtoto aliyeota jino. Akaniomba nimwoshe na ule wa kushoto, kwa sababu mmoja ulikuwa unamwonea wivu mwingine. Brashi akaitupa. Mche akanipa mimi, akaniambia nifulie makoti ya kazini, huko ndiko kwake. Na maji akayapunguza moto, na Bibi akawa anatoka bafuni anateleza kidogo, anakaushwa kwa kugusagusa taulo badala ya kusuguliwa, kisha anapakwa mafuta ya daktari ngozi ikiwa bado na unyevu. Kila mtu akafanya zamu yake, na zile nyufa za kifundoni zikaanza kufunga. Wekundu ukaondoka. Bibi akaacha kujikuna, akarudia kazi yake ya kutukosoa.

Jumamosi ikafika na shangazi akafika nayo, gari limeegeshwa mlangoni, buti tupu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Sikupata nafasi. Alikuta sebule haina mtu ila mimi, na bafuni wazee wawili wanagombana kuhusu nani aliimba vibaya zaidi kwenye harusi yao. Maji yanamwagwa, Bibi anacheka kile kicheko cha puani ambacho hatukuwa tumekisikia tangu aanze kukataa kuoga. Shangazi alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Akauliza ni nani anaimba. Nikamwambia baba yako. Akasema hajui kuwa baba yake anaimba. Nikamwambia hata sasa hajui kuimba, sikiliza vizuri.

Bibi alipotolewa, shangazi alimkagua miguu kama anavyokagua kucha za wanafunzi. Alipitisha vidole polepole, kulia, kushoto. Akapitisha tena. Nilivyoona macho yake yamelowa nikatazama dari, maana mwalimu mkuu hataki mashahidi.

"Mama, umefunga mizigo?" akauliza, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Mizigo yangu ni huyu," Bibi akasema, akimwonyesha Babu kwa kidevu. "Chumba chako kinaingia kitanda kimoja."

Shangazi, kwa vile lazima aondoke ameamua jambo, akaamua kwamba muuguzi atakuja hapa kwetu kumfanyisha Bibi mazoezi ya mkono, na bafuni kuwekwe chuma cha kushikilia badala ya ile kamba ya aibu. Babu akasema kamba aliifunga kwa fundo la hospitali. Shangazi akasema hata hivyo. Akiwa mlangoni akaniuliza, kama vile hajali, kama ile sabuni ninayo nyingine, goti lake limeanza kupauka.

Leo asubuhi nilikuwa nimeshavaa viatu, nimechelewa, mkono uko kwenye kitasa, nikasikia Bibi anaita.

"Dobi, maji yanapoa."

Nikasimama. Najua nilitakiwa kuondoka. Nikasikia kiti kikivutwa, jagi, jagi, maneno ya chinichini, jagi la mwisho. Nikangoja kile kidole gumba. Hakikuja. Badala yake nikamsikia Babu anauliza, kwa sauti ambayo hata dobi mwenyewe nadhani ameijua uzeeni.

"Inatosha?"

"Inatosha," Bibi akasema. "Sasa nifunge kitambaa."

Nilichungulia Bibi alipotoka. Fundo lilikuwa limekaa upande, nyuma ya kisogo, na hakuna uzi hata mmoja ulionaswa. Bibi alipapasa kwa mkono wa kushoto, akatafuta ile saini, akaikosa, akamwambia mumewe kwamba sasa akipotea hatajulikana ni mke wa nani.

Nimefika kazini nimechelewa. Mama Povu ameniuliza majibu ya mzee wangu wa nyumbani yako wapi. Nikaanza kumsimulia, tangu mashuka, na nafikiri mpaka sasa hajakumbuka kuwa alikuwa na kikao.